Mpwa Wangu Anataka Milioni Moja na Nusu kwa Asilimia Kumi

SWALI

Assalamu alaykum,

Mimi ni mama wa miaka 54, nina duka la leso na vitambaa hapa Malindi. Mwaka jana niliuza kiwanja changu cha Kakuyuni, na baada ya kulipa madeni na karo ya kitinda mimba nimebaki na shilingi milioni 3, ziko benki.

Mtoto wa dada yangu ana kampuni ya samaki pamoja na mwenzake aliye Nairobi. Wana majokofu mawili ya sola, masanduku ya barafu katika madiko matatu kati ya Mambrui na Ngomeni, na programu ya simu ambayo hoteli za Malindi na Watamu huagizia samaki. Nilikaa naye akanipa hesabu, nami naiandika kama alivyoisema. Kwa mwezi hununua kilo 1,200 kwa wavuvi, wastani wa shilingi 350 kwa kilo, taslimu pale pale ufuoni. Kilo 8 katika kila 100 huharibika au hukataliwa na wapishi. Hoteli hununua kwa 500 na hulipa baada ya siku 45. Barafu na usafiri ni 65,000, mishahara ya vijana wawili 50,000.

Anataka milioni 1.5 nipate asilimia 10. Laki 6 ni za kuboresha programu, laki 5 za kuanzia pikapu, laki 4 za matangazo. Anasema watu kama mimi huitwa wawekezaji malaika, kwamba Google nayo ilianza hivyo hivyo, na kwamba baada ya miaka 3 pesa zangu zitakuwa mara tatu, ni uhakika.

Je, bei hiyo ni ya haki? Kampuni ikifa nitamdai nani? Kuna riba ndani yake? Halafu chama chetu cha wanawake 8 kimesikia, wanataka kuingiza laki 4 kwa jina langu kwa kuwa mimi ndiye mwenye udugu naye. Mume wangu anasema ninunue kiwanja kingine nitulie. Kijana namwamini, sala tano hazimpiti, lakini sijui namwamini katika nini.

Mama Leso, Malindi

JIBU

Wa alaykumu salaam, Mama Leso.

Jibu fupi: usitoe milioni moja na nusu, na usinunue kwa bei hiyo. Lakini kijana naye usimfukuze. Hesabu uliyoandika ni ya biashara ya kweli iliyokosewa mahali pawili, na pote pawili panatengenezeka kwa pesa chache kuliko anazoomba.

Nianze na swali lako la pili, maana ndilo linaloamua mengine. Kampuni ikifa humdai mtu. Ukinunua hisa umekuwa mwenye mali, si mkopeshaji. Wafanyakazi, mamlaka ya kodi (KRA), benki, aliyewauzia jokofu kwa malipo ya kidogo kidogo, wote hao hutangulia. Mwenye hisa ni wa mwisho kwenye foleni, na mara nyingi hukuta sahani imeshalambwa. Mpwa wako hatakuwa na deni lako, wala hutakuwa na haki ya kumfuata nyumbani kwa dada yako. Ukiona hilo halimeziki, basi habari ya hisa iishe hapo.

Kwa hiyo neno "uhakika" alifute. Hakuna mwekezaji malaika aliyewahi kupewa uhakika. Neno lenyewe lilitoka kwenye majumba ya michezo ya kuigiza ya New York, ambako matajiri waliogharimia michezo waliitwa malaika, nao walijua kwamba watu wasipojaa ukumbini pesa zimekwenda. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Robert Wiltbank na Warren Boeker, walichapisha matokeo ya wawekezaji wa namna hiyo 539 na uwekezaji wao 1,137 uliokwisha kufika mwisho. Asilimia 52 ulirudisha chini ya mtaji uliotiwa. Asilimia 7 ulirudisha zaidi ya mara 10, na hiyo 7 peke yake ndiyo iliyoleta robo tatu ya mapato yote. Wastani wa jumla ulikuwa mara 2.6 katika miaka 3 na nusu. Nadhani "mara tatu" ya mpwa wako imetoka kwenye wastani wa namna hii. Wastani huo ni wa aliyetia kidogo kidogo katika kampuni nyingi akangoja moja iwabebe wenzake. Wewe utakuwa na kampuni moja.

Habari ya Google ni kweli, ila imesimuliwa nusu. Agosti 1998 Andy Bechtolsheim aliandika cheki ya dola 100,000 kwa jina la Google Inc. kabla kampuni ya jina hilo haijasajiliwa, na cheki ikalala mpaka vijana walipoisajili Septemba. Alikuwa mtu ambaye dola laki moja zikizama hatauza duka. Karibu na kwetu kuna Kune Food ya Nairobi, iliyochangiwa dola milioni 1 mwaka 2021 na kufunga Juni 2022, na Copia Global, iliyokusanya zaidi ya dola milioni 100 na kuingia mikononi mwa wasimamizi wa kampuni zilizozidiwa na madeni Mei 2024. Wenye pesa hizo walikuwa na mawakili na wahasibu.

Sasa tufungue daftari la samaki. Kilo 1,200 kwa 350 ni shilingi 420,000. Asilimia 8 ikipotea zinabaki kilo 1,104 za kuuza, nazo kwa 500 ni 552,000. Toa manunuzi, inabaki 132,000. Toa barafu, usafiri na mishahara, inabaki 17,000 kwa mwezi. Kijana mwenyewe hajajilipa, na jokofu halijatengewa pesa ya kubadilisha betri.

Tazama mahali pa kwanza panapovuja. Asilimia 8 ikishuka hadi 5, kampuni inaokoa kilo 36 kwa mwezi, yaani shilingi 18,000. Faida inazidi mara mbili bila kuuza hoteli moja ya ziada. Programu mpya haiwezi kufanya hivyo. Samaki haharibiki ndani ya simu, huharibika ndani ya mtumbwi: anavuliwa alfajiri, anakaa kwenye maji vuguvugu ya chini ya chombo mpaka saa 5, ndipo anakutana na barafu ufuoni. Wakati huo uozo umeshaanza, na baridi huupunguza kasi tu, haiurudishi nyuma. Joto la kwetu linataka kama kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki, barafu iliyopondwa, itandikwe tabaka kwa tabaka chini, kati na juu, sandukuni mwenye tundu la kutoa maji. Muulize mpwa wako masanduku mangapi yanakwenda baharini na mangapi hubaki ufuoni. Kama yote hubaki ufuoni, tumeshajua pa kutia pesa.

Pa pili ni zile siku 45. Hoteli inakaa na mwezi mmoja na nusu wa mauzo bila kulipa, kwa hiyo wakati wowote shilingi 828,000 ziko kwenye vitabu vya watu, huku mvuvi akitaka chake mkononi. Akifanikiwa kuuza mara mbili, deni la hoteli linafika milioni 1.656. Kadiri anavyouza ndivyo anavyokaukiwa. Biashara nyingi zinazokua hufia hapa, zikiwa na maagizo mengi na mfuko mtupu. Kisha angalia mpango wake: programu, pikapu, matangazo. Hajatenga hata shilingi ya kununulia samaki wakati hoteli hazijalipa. Matangazo yatamletea wateja wa mkopo ambao hana uwezo wa kuwakopesha.

Kusi nalo hukulitaja, na sidhani yeye amekutajia. Kuanzia Aprili bahari inachafuka, Juni na Julai vyombo vidogo hukaa siku nyingi bila kutoka, na ndio msimu ambao hoteli nyingi za Malindi na Watamu hufunga au hubaki na wageni wachache. Muuzaji na mnunuzi wanaondoka pamoja. Ukichukulia kwamba samaki wanapungua nusu, faida ya mauzo inashuka hadi 66,000. Mishahara ni ile ile 50,000, na barafu na usafiri hata zikipungua hadi 40,000, kuna shimo la 24,000 kila mwezi. Kampuni ya namna hii inapaswa kuingia Aprili ikiwa na akiba ya miezi minne, na wanunuzi wa taslimu. Mama karanga, wale wanaokaanga samaki na kuwauza, hulipa pale pale. Bei yao ni ya chini, lakini shilingi 420 ya leo kwa mvuvi wa kesho ina nguvu kuliko 500 ya baada ya siku 45.

Tuje kwenye bei. Milioni 1.5 kwa asilimia 10 maana yake kampuni pamoja na pesa zako ni milioni 15, na kabla ya pesa zako ni milioni 13.5. Faida ya 17,000 kwa mwezi ni 204,000 kwa mwaka. Anakuuzia kwa bei ya faida ya miaka 66. Kweli, kampuni changa hainunuliwi kwa faida ya leo, hununuliwa kwa matumaini ya kukua. Lakini matumaini hayo nayo yawe na kipimo, na hapa sikioni.

Watu wengi huogopa kampuni isije ikafa. Wachache huuliza: je, ikipona? Hapo ndipo wanapoumizwa wasipotazama. Tuseme umekubali bei yake na kampuni ikafanikiwa. Mwaka wa pili anakuja mwekezaji wa Nairobi na milioni 10, anapewa asilimia 20. Yako inakuwa 8. Mwaka wa nne anakuja mwingine na milioni 30, naye achukue 20. Yako ni 6.4. Hilo lenyewe si dhuluma, keki imekuwa kubwa. Shida ni kwamba wakubwa hao huomba hisa za kipaumbele: kampuni ikiuzwa wanarudishiwa kwanza mtaji wao wote. Mwaka wa sita kampuni inauzwa kwa milioni 60, magazeti yanaandika, mtaa mzima unakupongeza. Wawili wale wanachukua milioni 40 zao. Inabaki 20 ya wenye hisa za kawaida, na kati ya hao wewe una moja ya kumi. Unapata milioni 2. Milioni 1.5 kugeuka 2 kwa miaka 6 ni kama asilimia 5 kwa mwaka, na asilimia 5 ndiyo kiwango cha mfumuko wa bei ambacho Benki Kuu ya Kenya hulenga. Pesa zako zimekimbia mbio ndefu zikabaki pale pale zilipokuwa, na kampuni haikufa.

Kuna ngao, ila zinagharimu. Sheria ya Kampuni ya 2015 inampa mwenye hisa nafasi ya kwanza ya kununua hisa mpya ili fungu lake lisipungue, lakini katiba ya kampuni binafsi inaweza kuiondoa haki hiyo, kwa hiyo isomwe. Na haki bila pesa haisaidii: kubaki kwenye 10 mwaka ule wa pili kungekutaka milioni 1 nyingine. Ndiyo maana mwekezaji mwenye uzoefu hatoi zote siku ya kwanza. Wengi wao hawaruhusu kampuni changa zote kwa jumla zichukue zaidi ya moja ya kumi ya mali yao. Wewe unaombwa nusu ya akiba, kwa kampuni moja.

Ningekuwa pembeni yako mezani, ningemwambia hivi. Kampuni ihesabiwe kuwa na thamani ya milioni 3.6 kabla ya pesa zako. Bado hiyo ni faida ya miaka 17 na ushee, bei ya mama mdogo hasa. Kama hisa zilizopo ni 9,000, kila moja ni shilingi 400. Utoe 300,000 sasa, upate hisa mpya 750, na pesa hizo ziwe za kununulia samaki, si programu. Nyingine 300,000 kwa bei ile ile zitoke Oktoba, kusi likishapita, kwa masharti matatu yaliyoandikwa: uharibifu umeshuka hadi asilimia 5, hakuna hoteli inayodaiwa zaidi ya siku 60, na robo ya kilo zote zinauzwa taslimu. Akiyatimiza utakuwa na hisa 1,500 kati ya 10,500, asilimia 14 na kidogo, kwa laki 6.

Pikapu aiache. Badala yake nunua wewe, kwa jina lako, jokofu jingine na masanduku ya kupelekwa baharini, yasizidi laki 4, uikodishe kampuni kwa 12,000 kwa mwezi. Ile 18,000 ya uozo uliookolewa inailipa kodi hiyo. Baada ya miezi 33 au 34 mtaji wako umerudi, na kampuni ikifa wewe unakwenda kuchukua vyombo vyako, maana si mali ya kampuni wala ya wadai wake. Viandikwe nambari za kiwandani katika mkataba na vipigwe picha. Ila kumbuka, kukodisha kuna wajibu: betri ikifa bila uzembe wao, ni juu yako.

Hapo umetoa milioni 1 kwa jumla, na katika hiyo laki 4 ni vitu vya kushikika. Milioni 2 zinabaki, na mume wako apate usingizi.

Kuhusu riba, hisa za kawaida ni ushirika, yaani faida na hasara mnashiriki, na kukodisha chombo ni ijara. Yote mawili yana mlango wake katika fikihi. Ukiletewa "mkopo utakaogeuka hisa" wenye asilimia fulani kwa mwaka, hiyo ni riba iliyovaa kanzu. Kuna pia karatasi iliyobuniwa na Y Combinator, kampuni ya Marekani inayofadhili kampuni changa, mwaka 2013: unatoa pesa leo, bila faida ya mwaka, unapewa hisa siku mwekezaji mkubwa atakapokuja na kuweka bei. Riba haimo, lakini kwa kampuni ya samaki ya Ngomeni mwekezaji mkubwa huenda asije milele, ukabaki na karatasi. Omba hisa zenyewe. Na zile hisa za kipaumbele nilizozitaja, AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, haiziruhusu. Basi ngao hiyo usiiombe, na mkubaliane kwa maandishi kwamba hazitatolewa kwa mtu mwingine bila ridhaa yako. Mpeleke sheikh wako mkataba wenyewe ausome, si maelezo ya mdomo.

Sasa makaratasi. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kabla ya yote, toa CR12 ya kampuni kupitia eCitizen, mpya ya wiki hii, usikubali nakala ya mwaka jana. Ndiyo inayoonyesha wakurugenzi ni nani na nani ana hisa ngapi. Vijana wengi husajili jina la biashara wakaliita kampuni. Jina la biashara halina hisa. Ukilitilia pesa umempa mtu binafsi. Ikiwa ndivyo, asajili kampuni kwanza, ahamishie humo majokofu, mikataba ya hoteli na programu. Ya programu huangusha wengi: kama yeye binafsi ndiye aliyemwagiza mtengenezaji na kumlipa, haki yaweza kuwa yake na si ya kampuni. Paandikwe karatasi moja ya kuihamisha.

Omba taarifa ya miezi 12 ya Till au Paybill, yaani nambari ya biashara ya kupokelea malipo ya M-Pesa, iliyotoka kwenye mtandao wenyewe, si picha za simu, uilinganishe na ankara za hoteli tatu alizozichagua mtu mwingine si yeye. Mauzo ya 552,000 lazima yaonekane mahali. Omba cheti cha kodi cha KRA cha kampuni. Uliza mikopo ya simu ya wakurugenzi wote wawili. Aliyebanwa na mikopo hiyo atakula mtaji wa samaki bila kukusudia.

Hisa zako ziwe mpya, zinazotolewa na kampuni. Mpwa akikuuzia zake, pesa zinaingia mfukoni mwake, na kampuni haipati hata barafu. Lipa kwenye akaunti ya benki ya kampuni tu, maelezo yaseme ni malipo ya hisa mpya 750. Ukiambiwa utume kwa M-Pesa yake "ili mambo yaende haraka", simama. Kikomo cha M-Pesa ni 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo hata laki 3 zenyewe zingekatwa vipande, na mbele ya kadhi au hakimu vipande hivyo huonekana kama hela za matumizi ulizomtumia mtoto wa dada. Baada ya kulipa, mgao wa hisa upelekwe kwa Msajili, upewe cheti cha hisa, kisha utoe CR12 nyingine. Jina lako lisipokuwamo bado hujanunua kitu. Ukifika asilimia 10 utaandikwa pia katika rejista ya wamiliki wanufaika, yaani watu ambao kampuni ni yao hasa. Ni matakwa ya sheria, usishtuke.

Mkataba wa wenye hisa uandikwe na wakili asiyekuwa wa kampuni. Una hisa chache, na wao wawili pamoja wanaweza kupitisha hata azimio maalumu linalotaka asilimia 75. Kinga yako iko kwenye mkataba tu. Uwemo orodha ya mambo yasiyofanyika bila sahihi yako: kutoa hisa mpya, kukopa zaidi ya laki 2, wakurugenzi kujipandishia mshahara, kuuza majokofu, kufanya biashara na kampuni nyingine ya mkurugenzi. Haki ya kuuza pamoja nao mtu akija kununua hisa zao. Ripoti kila mwezi kabla ya tarehe 10, ukurasa mmoja: pesa benki, kilo zilizonunuliwa, kilo zilizotupwa, na deni la kila hoteli kwa siku zake. Nikilazimishwa kuchagua kifungu kimoja ningechagua hiki cha ripoti, maana vingine hukulinda siku ya ugomvi, na hiki hukuonya kabla.

Na yule mwenzake wa Nairobi. Kama ana theluthi ya hisa na kesho akapata kazi ya mshahara akaondoka, atakaa nazo maisha yake yote huku mpwa wako akihangaika Ngomeni. Kawaida ni hisa za waanzilishi kukomaa kwa miaka 4: akiondoka kabla ya mwaka hapati kitu, baada ya hapo anahesabiwa mwezi kwa mwezi. Zisizokomaa hurudi kampuni. Kijana atasema huyu ni ndugu yangu. Mwambie ndiyo maana mnaandika sasa, mkiwa bado ndugu.

Wanawake wa chama wasiingie kwa jina lako. Hisa zikiwa zako kwenye rejista, mbele ya sheria na mbele ya mirathi ni zako. Ukifariki, watoto wako watazigawa kwa haki kabisa, na wenzako saba watakuja na daftari la chama msibani. Wasajili ubia wa dhima yenye kikomo, yaani ushirika unaotambuliwa na sheria kwa jina lake wenyewe, wafungue akaunti, ubia ndio ununue hisa kwa jina lake. Lakini kwa maoni yangu wangoje mpaka Oktoba. Laki 4 za wanawake wanane zisipite kwenye kusi la kwanza. Zako mwenyewe, waonyeshe wanao cheti kiliko.

Kuhusu kutoka: hisa za Safaricom zilizouzwa shilingi 5 mwaka 2008 mwenye nazo anaweza kuziuza asubuhi hii. Hizi hazina soko. Utatoka kampuni ikinunuliwa, au waanzilishi wakikununua wewe, au kwa gawio la faida. Kwa biashara ya samaki, gawio ndilo lenye uwezekano, basi mkataba useme kwamba faida ikizidi kiasi fulani na akiba ya kusi ikiwa imejaa, theluthi moja igawiwe. Kwenye gawio KRA hukata asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya. Ukiuza hisa kwa faida, kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023. Weka pia kifungu kwamba baada ya miaka 5 unaweza kuitaka kampuni itafute mnunuzi wa hisa zako kwa bei ya mkaguzi wa hesabu.

Hatua ya kwanza haihitaji hata shilingi ya mtaji. Mwambie akuletee CR12, taarifa ya Till ya miezi 12, orodha ya hoteli zinazodaiwa na tarehe za ankara, na katiba ya kampuni. Akivileta ndani ya wiki moja, nenda naye dikoni alfajiri, usubiri vyombo virudi, uhesabu kwa macho yako ni mitumbwi mingapi ina barafu. Akianza kukuuliza kwa nini humwamini, mpe chai, mzungumze habari za dada yako.